Kamera Thietani: Mafunzo Niliyopata Kianjokoma Kuhusu Mazungumzo ya Timu ya Upasuaji

Mgonjwa akiumia mezani, watu wa nje huuliza kisu kilikuwa mkononi mwa nani. Sisi tunaoshinda thietani tunajua kuna swali linalotangulia hilo: nani alisema nini, na nani alimsikia. Operesheni nyingi zinazoharibika huanza kuharibika mdomoni na masikioni kabla mkono haujakosea.

Mimi ni nesi wa thieta, mzaliwa wa Kianjokoma, huku juu Embu ambako mashamba ya majani chai yanapakana na msitu wa Mlima Kenya. Pamoja na wenzangu kutoka hospitali mbalimbali za Embu, Meru na Tharaka Nithi, tulizoea kukutana Kianjokoma siku za mapumziko, mbali na wakubwa na simu za wodini. Tulikuwa manesi, maafisa wa kliniki wa usingizi na madaktari vijana. Kazi yetu ilikuwa moja: kuigiza upasuaji wa kujifungua unaokumbwa na damu nyingi, kwa mwanasesere na maji yaliyotiwa rangi, huku simu mbili zikiturekodi, moja kwenye stendi miguuni pa meza na nyingine juu ya kabati. Kisha tunaketi na chai, tunajitazama. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Kumbukumbu ya timu haitoshi kuwa ushahidi

Kabla ya kuwasha video, kila mmoja aliandika yaliyotokea: damu ilianza kuzidi lini, nani aligundua, dawa ilitolewa saa ngapi. Karatasi hazikuwahi kufanana, na hakuna aliyekuwa akidanganya. Anayeshona mfuko wa uzazi ana macho kwenye sindano. Wa usingizi ana macho kwenye presha. Rana, yaani nesi wa kuleta vifaa, yuko kabatini akitafuta uzi. Kila mmoja ameishi operesheni yake mwenyewe, na ukiwauliza wote watatu watakuapia kwamba waliambiana kila kitu.

Watafiti wa Toronto, Kanada, wakiongozwa na Lorelei Lingard, walilipima jambo hili na kuchapisha matokeo mwaka 2004. Waliketi ndani ya thieta katika operesheni 48, kwa muda wa saa 90 hivi, wakinakili mazungumzo. Kati ya mazungumzo 421, walikuta 129 yenye kasoro, yaani karibu 3 katika kila 10. Kasoro iliyoongoza ilikuwa ya wakati: jambo lilisemwa, lakini likiwa limechelewa. Nyingine ni kusema nusu ya habari, au kumwambia asiyehusika huku anayehusika hayupo. Zaidi ya theluthi moja ya kasoro hizo zilileta athari iliyoonekana papo hapo, kama kazi kuchelewa au watu kuvutana. Wao walitumia kalamu. Video inaongeza neema moja ambayo kalamu haina: unaweza kurudisha nyuma na kutazama tena.

2. Agizo lisilo na jina halina mwenyewe

Kuna kipande tulichokirudia mpaka tukakikariri. Daktari anasema bila kuinua kichwa, "Tuanze traneksamiki, gramu moja." Hii ni dawa ya kupunguza kutokwa na damu, na katika kujifungua kila dakika ya kuichelewesha ni hasara. Rana anasikia, anaenda kabatini, anarudi na kichupa, anakiweka kwenye trei. Wa usingizi, aliye upande wa pili wa pazia akihangaika na drip, anakiona kichupa na kudhani rana ataivuta dawa mwenyewe kwenye sindano. Rana anajua kazi yake imekwisha. Daktari anaendelea kushona akiamini dawa iko mwilini. Saa ya video imekula dakika nne ndipo mtu anauliza, "Hiyo dawa imeingia?" Wote watatu wanatazamana.

Ukikitazama kipande hicho humpati mvivu wala mzembe. Unapata neno "tuanze", ambalo limemwagiza kila mtu, na kwa hiyo halikumwagiza yeyote.

Mkulima wa Kianjokoma anayepeleka majani kituoni anaujua utaratibu: karani anasoma kilo kwa sauti, mwenye majani anatupia mzani jicho, ndipo risiti inatoka. Kilo ambazo hazikusomwa huleta ugomvi mwisho wa mwezi. Agizo la thietani nalo lipite njia hiyo. "Fulani, toa traneksamiki gramu moja." "Traneksamiki gramu moja, naitoa." Kisha, ikiisha: "Daktari, imeingia." Sentensi tatu, sekunde chache, na hakuna anayebaki akidhani.

Kikwazo chetu kikubwa kilikuwa majina. Katika timu ya usiku mtu anaweza kufanya kazi na daktari wa lokamu, yaani wa muda, ambaye hajawahi kumwona. Mwaka 2017 daktari wa usingizi wa Sydney, Australia, aitwaye Rob Hackett, alianza kuvaa kofia ya thieta iliyoandikwa jina lake na kazi yake, na desturi hiyo ikaenea nchi nyingi. Sisi tulitumia kipande cha plasta na kalamu ya wino mzito. Nesi kijana hakulazimika kumwita mkubwa wake jina tupu, aliandika na kuita "Dkt. Fulani", heshima ikabaki mahali pake na agizo likapata mwenyewe.

3. Zima sauti, tazama tena

Fundisho hili lilinishangaza kuliko mengine. Mara ya kwanza tulitazama video kwa kusikiliza. Mara ya pili tukazima sauti kabisa, na mambo yaliyokuwa yamejificha nyuma ya maneno yakatoka wazi.

Tuliona migongo. Rana anatoa habari akiwa nyuma ya daktari, na daktari hageuki. Tuliona pazia la kuzuia uchafu likiwa limeinuliwa juu kiasi kwamba anayeshona na anayelinda usingizi hawaonani hata macho. Tuliona pia mambo mema ambayo hakuna aliyeyataja kwenye karatasi: nesi mzoefu anayeshika vyombo, ambaye mkono wake unafika na koleo kabla daktari hajaomba, kwa sababu muda wote macho yake yako kwenye jeraha.

Kundi la watafiti wa Uingereza, akiwemo Terhi Korkiakangas, Sharon-Marie Weldon, Jeff Bezemer na daktari wa upasuaji Roger Kneebone, lilichapisha mwaka 2014 uchambuzi wa video kuhusu namna daktari na nesi wanavyopokezana vifaa. Walionyesha kwamba mahali nesi aliposimama, na kama macho yake yalikuwa kazini kabla ya ombi, vinaamua kwa kiasi kikubwa ombi litajibiwa vipi. Tuliposoma hayo tukahamisha meza ya vyombo, tukashusha pazia kidogo, na tukakubaliana kwamba anayesema jambo la hatari asogee mpaka aonekane na anayemwambia.

4. Kelele nayo ni mmoja wa timu

Kundi hilo hilo la Uingereza lilirekodi operesheni 20, nyingi zikiwa na muziki chumbani, likachambua maombi na majibu zaidi ya 5,000. Matokeo yalitoka mwaka 2015: uwezekano wa ombi kurudiwa ulikuwa mara 5 zaidi pale muziki ulipokuwa unacheza. Toronto nako, katika Hospitali ya St. Michael's, Dkt. Teodor Grantcharov alitengeneza kifaa cha kunasa sauti, picha na vipimo vya mgonjwa kwa pamoja, kwa mfano wa kisanduku cheusi cha ndege. Uchambuzi wa mwaka wa kwanza, uliohusu operesheni 132 za kupitia matundu madogo, ulikuta usumbufu wa sauti 138 katika operesheni ya kawaida: milango, simu, ving'ora vya mashine.

Huku kwetu muziki si tatizo kubwa. Tatizo ni mashine ya kufyonza damu inayonguruma kama posho mill, jenereta umeme ukipotea, mvua ya Aprili juu ya mabati, na simu ya mtu inayoita mfukoni huku mikono yake ikiwa ndani ya glavu. Katika video tulihesabu mlango: nani ameingia, nani ametoka, na je, alikuwa na shughuli? Wengi walikuwa wanachungulia tu kuona kama tumemaliza. Sasa nikifanya kazi naomba mambo mawili. Mashine ya kufyonza izimwe pale isipohitajika, na mtu akisema "tulieni" kila mdomo ufungwe, hata wa daktari.

5. Mama yuko macho, na anasikia

Upasuaji mwingi wa kujifungua hufanywa kwa sindano ya mgongo. Mama amekufa ganzi kuanzia kifuani kwenda chini, lakini masikio yake ni mazima. Katika mazoezi tuliamua mmoja wetu alale kichwani pa meza aigize mama, na kamera ya juu ya kabati ikamwelekea usoni.

Tulizungumza Kiingereza kwa dawa na vipimo, Kiswahili kwa kuhimizana, na Kiembu kwa mama. Hofu ilipopanda, lugha zilichanganyika, na aliyekuwa amelala pale alitueleza alichokipata: alisikia "damu", akasikia "haisimami", kisha kimya. Usoni, video ilionyesha macho yakizunguka kutafuta mtu wa kumtazama. Hakuna aliyemtazama kwa muda mrefu.

Tukatoka na utaratibu ambao naupendekeza kwa kila thieta ya hospitali za kaunti. Kwanza, maagizo yote ya dawa na vipimo yatolewe kwa lugha moja iliyokubaliwa kabla ya kuanza. Pili, mtu mmoja, mara nyingi wa usingizi kwa kuwa yuko kichwani pa mgonjwa, apewe jukumu la kusema na mama kwa lugha anayoielewa: "Mama, damu imezidi kidogo, tunaishughulikia, mtoto yuko salama." Tatu, mama mwenyewe asikilizwe. Akisema anahisi kizunguzungu au kichefuchefu, hiyo ni ripoti ya presha kabla mashine haijaitoa.

6. Tiki kwenye fomu haijasema kitu

Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilizinduliwa mwaka 2008. Ina vipengele 19 na vituo vitatu: kabla ya usingizi, kabla ya kukata ngozi, na kabla mgonjwa hajatoka chumbani. Wengi hawajui kwamba Afrika Mashariki ilikuwepo tangu mwanzo. Kati ya hospitali 8 duniani zilizoijaribu, moja ilikuwa Ifakara, Tanzania, pamoja na nyingine za London, Toronto, Seattle, New Delhi, Manila, Amman na Auckland. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha vifo vimeshuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

Orodha hiyo ina nguvu kwa sababu inawalazimisha watu kusema kwa sauti. Video ilituonyesha wazi tofauti ya kuisoma na kuijaza. Anayeijaza yuko pembeni, kichwa chini, kalamu mbio, wakati wengine wanaendelea na shughuli zao. Anayeisoma amesimama, chumba kimenyamaza, na kila mtu amejitambulisha kwa jina na kazi yake. Fomu zote mbili zikienda kwenye faili zinafanana kabisa.

Kenya ina sababu ya kulikumbuka hili. Machi 2018 nchi ilishtuka kusikia kwamba katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta mgonjwa alipasuliwa kichwa kimakosa. Wagonjwa wawili walichanganywa: mmoja alihitaji kuondolewa damu iliyoganda ndani ya fuvu, mwingine alikuwa na uvimbe usiohitaji kisu. Madaktari waligundua baada ya saa kadhaa, walipoikosa ile damu. Watu wote waliokuwa kwenye mnyororo huo walikuwa wamesomea kazi yao. Swali la "huyu ni nani, tunamfanyia nini, upande gani", likiulizwa kwa sauti na kujibiwa kwa kusoma kitambulisho cha mkononi, ndilo lililowekwa kuzuia mkasa wa namna hiyo.

7. Cheo hunyamazisha, hivyo mwenye cheo ndiye wa kufungua midomo

Katika kuigiza tulibadilishana nafasi. Daktari akawa rana, nesi akawa kiongozi. Video ikatuonyesha kwamba unyamavu hauko kwenye tabia ya mtu, uko kwenye nafasi aliyopewa. Daktari yule yule mwenye sauti kubwa, akivaa kofia ya rana, alinong'ona "nadhani swabu moja haipo" na hakuna aliyemsikia.

Tulijaribu mambo kadhaa kulitibu hili. Lililofanya kazi lilikuwa sentensi moja ya kiongozi kabla ya kukata: "Yeyote akiona kitu kisicho sawa, aseme, hata kama hana uhakika." Timu iliyoambiwa hivyo ilizungumza mapema zaidi kwenye video. Na kwa mdogo tulikubaliana maneno ya ngazi tatu yasiyomvunjia mtu heshima: "Daktari, nina wasiwasi na presha." Asipojibiwa: "Daktari, presha ni 70, si salama." Akiendelea kupuuzwa: "Daktari, naomba tusimame." Neno "naomba" linabeba adabu yote inayohitajika, na "tusimame" linabeba usalama wa mgonjwa.

8. Video ni ya kujifunza, na ina sheria

Nimesema tulirekodi mazoezi kwa mwanasesere. Sababu mojawapo ni Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019, ambayo inaweka habari za afya ya mtu katika kundi la data nyeti. Kumrekodi mgonjwa halisi bila idhini yake ni kosa, na simu ya mtu binafsi si mahali pa kuweka picha za tumbo la mama wa mtu. Hospitali inayotaka kurekodi operesheni halisi iwe na idhini ya maandishi kutoka kwa mgonjwa na kwa kila mfanyakazi, kifaa kisichotoka hospitalini, na tarehe ya kufuta iliyoandikwa mapema. Kundi la WhatsApp lisihusishwe kwa namna yoyote.

Kuna sheria nyingine isiyoandikwa bungeni, nayo ni kwamba video isitumike kumwadhibu mtu. Siku ya kwanza ambapo kipande kitachezwa mbele ya kamati ya nidhamu, timu itajifunza kuigiza mbele ya kamera, na hapo hamtajifunza tena lolote. Sisi tulianza kila kikao kwa kuuliza neno lilipotelea wapi, na jina la mtu lilitajwa tu na mwenyewe.

9. Dakika kumi zilizochambuliwa zinashinda saa nzima iliyotazamwa tu

Kazi yenyewe ni rahisi. Chagueni kipande kifupi chenye tukio: damu imeanza, au swabu zinahesabiwa. Chora jedwali lenye safu nne: nani alisema, alimwambia nani, alijibiwa vipi, kilitokea nini baadaye. Tazameni mara tatu, moja kwa sauti, moja bila sauti, moja mkisimamisha kila agizo. Malizeni kwa kuchagua jambo moja tu la kubadilisha wiki inayofuata. Mkichagua matano hamtafanya hata moja.

Mkitaka kipimo kilichokomaa, kuna NOTSS kutoka Aberdeen, Scotland, kinachompima daktari wa upasuaji kwa mambo yasiyo ya kisu: kuitambua hali, kuamua, kuwasiliana na wenzake, na kuongoza. Rwanda ndiko yalikotengenezwa mafunzo ya NOTSS yanayofaa mahali penye uhaba wa vifaa na watu, kwa hiyo hakuna haja ya kunakili ya Ulaya kama yalivyo.

Kuhusu kompyuta zinazochambua video zenyewe, zipo na zinaendelea kuboreka. Zinaweza kuhesabu mlango umefunguliwa mara ngapi na nani amesimama wapi. Lakini thietani midomo imefunikwa na barakoa, sauti zinapandana na mashine, na huku kwetu sentensi moja inaweza kuanza kwa Kiingereza na kuishia kwa Kiembu. Jicho la nesi anayeijua timu yake bado ni chombo kizuri zaidi, na halina gharama.

Kwa wakuu wa thieta katika hospitali zetu za kaunti, ombi langu ni hili: msingoje bajeti ya mitambo. Simu moja, mwanasesere mmoja, na saa moja kila mwezi ambayo timu nzima inaruhusiwa kuketi pamoja vinatosha kuanza. Na kwa mwenzangu unayeingia zamu ya usiku leo, kabla kisu hakijagusa ngozi, jua majina ya walio chumbani, na usiondoe macho kwenye agizo lako mpaka usikie "imeingia".